Gari la Magurudumu Manane

William alifika kwa mama mkwe wake Kasulu akiwa ameloa mwili mzima, lakini boksi alilobeba kichwani lilikuwa kavu. Alikuwa amelizungushia nailoni, kisha akalivika koti lake la mvua, mwenyewe akabaki na shati. Mkewe Ange alimpokea barazani na kichanga chao mkononi, akamtazama kuanzia viatu hadi boksi.

"Karibu, Baba Niyubahwe. Pole na mvua. Ndiyo nguo za mtoto hizo?"

"Nguo za mtoto ziko kwenye begi."

"Na begi liko wapi?"

William akageuka akatazama barabara. Begi alikuwa amelisahau kwenye lori. Bahati nzuri dereva wa lori lile, Melkiadi, alikuwa jirani wa pale pale mtaani Murubona, na jioni alilileta akicheka.

Ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino. William alikuwa fundi sanifu wa idara ya maji Kibondo, mwenyeji wa Tarime aliyepangiwa kazi huko nyanda za juu akiwa bado kijana, akampenda binti wa Kasulu na kumwoa. Ange alikuwa amerudi nyumbani kujifungua uzazi wa kwanza chini ya uangalizi wa mama yake. Sasa mtoto alikuwa na afya, shingo imekaza, na baba alikuwa amekuja kuwachukua.

"Ndani ya boksi kuna nini?" Ange aliuliza baada ya kumpa taulo.

"Gari."

"Gari gani linaingia kwenye boksi?"

William akafungua ile nailoni taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya gari ambalo Ange hakuwahi kuliona popote: magurudumu manane makubwa, kebini ya kioo kama jicho la kereng'ende, mnara wa kuchimbia ukiwa umelala mgongoni. Lilikuwa linapanda kilima chekundu, na angani, pembeni ya mwezi, palikuwa na mwezi mwingine mdogo.

"Ni la kuunga mwenyewe," William alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Vipande viko ndani, mamia. Likikamilika linakuwa na urefu wa mkono wangu mzima. Halafu lina mota, Ange. Linatembea! Yule mhandisi wa visima tuliyefanya naye kazi kwenye kambi ya wakimbizi amemaliza mkataba. Hakuwahi hata kulifungua. Aliniambia, ingia ndani, chagua kitu chochote nikuachie kumbukumbu."

"Chochote?"

"Chochote."

"Kulikuwa na jokofu?"

"Lilikuwepo."

"Na cherehani?"

"Cherehani sikuiangalia vizuri."

Ange alicheka mpaka mtoto akaamka.

Mpango ulikuwa wapumzike siku mbili tatu kisha warudi Kibondo. Lakini mvua haikukatika, na kabla hawajaondoka habari zikafika kwamba mto Malagarasi umefurika na kula kingo za barabara darajani. Hakuna gari linalovuka. Malori yalikuwa yamejipanga foleni huku na huku, na madereva wanapika ugali chini ya turubai. William akajikuta amekwama kwa mama mkwe.

Hilo lilikuwa jambo zito kuliko mafuriko. Alikolelewa yeye, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Na Theodosia, mama yake Ange, naye alikuwa na heshima zake alizotoka nazo Burundi alipovuka mpaka akiwa msichana. Mabukwe, ndivyo kwao wanavyomwita mama mkwe, hali chakula mbele ya mkwe wake wala hamkodolei macho. Kwa hiyo nyumba ile ndogo ikawa na sheria zake. William alilala chumba cha uani. Kabla ya kupita alikohoa. Theodosia naye kabla ya kutoka jikoni alikohoa. Siku za mwanzo watu wangedhani nyumba nzima ina mafua.

Theodosia alikuwa mjane, mfanyabiashara wa maharage. Aliyanunua Rungwe Mpya na Kagerankanda na kuyasafirisha Kigoma mjini, yeye mwenyewe akiwa mbele pembeni ya dereva. Mvua ilikuwa imemfungia ndani kama ilivyomfungia mkwe wake. Magunia yalikuwa stoo, malori hayatembei, na mikono yake haikuzoea kukaa bure.

Asubuhi ya kwanza baada ya barabara kufungwa, Theodosia alikwenda stoo kukagua magunia yasipate unyevu. William akaitumia nafasi hiyo. Aliweka boksi juu ya meza ya sebuleni, akainua kifuniko, akapigwa na harufu ya plastiki mpya.

Vipande vilikuwa vimeshikamana kwenye fremu, kila kimoja na namba yake, vya kijivu, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Kulikuwa na watu wadogo wenye kofia za kioo. Kulikuwa na mota ya kweli iliyofungwa kwenye mfuko wake. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijapani, hakuna herufi hata moja aliyoijua, lakini michoro ilikuwa safi kama michoro ya pampu. Mshale huu, kipande hiki, shimo lile. William akavuta kiti, akakaa. Akachukua wembe, akakata kipande cha kwanza, akakisugua kwa msasa, akakiunganisha na cha pili. Vilikaa. Havikuacha hata nafasi ya unywele.

"Ange! Njoo uone!"

Ange akaja, akaona vipande viwili vilivyoshikana. "Hongera," alisema.

Mchana William alikwenda ofisi ya maji kuuliza habari za daraja. Aliporudi, alikuta gurudumu zima limeungwa mezani. Pembeni yake jingine. Na la tatu, tairi lake la mpira likiwa limevalishwa sawasawa.

"Ange, umejifunza lini?"

"Mimi nina mtoto wa kunyonyesha," Ange alijibu kutoka chumbani. "Muulize mwingine."

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu na kichanga. William alitazama pazia la mlango wa jikoni. Nyuma yake mtu alikohoa.

Hapo ndipo zamu zilipoanza, bila mtu yeyote kuzipanga. Asubuhi meza ilikuwa ya William. Baada ya chakula cha mchana alitoka kwenda kutembea, hata kama mvua ilikuwa inamwagika, na meza ikawa ya Theodosia. Kila mmoja aliporudi alikimbilia kutazama mwenzake amefika wapi. William alikuwa na tabia ya kupima kipande mara nyingi kabla ya kukigundisha. Theodosia alikuwa na haraka. Alikata vipande vyote vya ukurasa mzima, akavimwaga kwenye ungo kama maharage ya kuchambua, akaokota anachotaka. Mara nyingi alipatia. Siku moja aligundisha viti vya kebini vikitazama nyuma, na William alitumia asubuhi yote kuving'oa bila kuvivunja.

Ujumbe ulipitia kwa Ange.

"Mwambie Mama viti vinatazama mbele."

"Mwambie mwenzako," Theodosia alisema jioni, "viti nimeona. Lakini yeye ekseli ya nyuma ameimwagia gundi hadi haizunguki. Gari lisilozunguka magurudumu ni kabati."

William alikimbilia mezani. Ilikuwa kweli. Akacheka peke yake, akachukua wembe akaanza upya.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine. "Mama anauliza tairi la spea liko wapi."

"Halipo. Michoro haina spea."

Ange akaenda, akarudi. "Mama anasema gari linalokwenda mahali penye miezi miwili, bila spea, bila jeki, bila sepetu, watu wake watalala njiani. Anasema amesafiri na malori tangu mimi niko mgongoni. Anasema yeye hapandi gari la namna hiyo."

"Mwambie kule hakuna matope."

"Anasema uiangalie picha tena. Udongo ule ni wa Kasulu kabisa."

William akaitazama picha. Vumbi jekundu, makorongo yaliyochimbwa na maji, kilima kirefu kisicho na mti. Jioni alikuta juu ya meza kitairi kilichochongwa kwenye soli ya kandambili, kimekatwa meno kama tairi halisi, na kando yake sepetu ya bati ndogo kuliko ukucha. Akavigundisha ubavuni mwa gari mara moja. Vilipendeza kuliko vingi vilivyotoka kiwandani.

"Sasa mmenichosha," Ange alisema siku moja, mtoto begani. "Mnakaa nyumba moja, mnacheza gari moja, mimi ndiye posta. Kesho nafunga ofisi."

Wakati huo gundi ilikuwa imekwisha. Tyubu iliyokuja na boksi ilikuwa ndogo na nusu yake ilishakauka. Walijaribu gundi ya kiatu, vipande vikateleza. Walijaribu utomvu, ukabaki unanata tu. Siku mbili gari lilikaa mezani likiwa vipande, na nyumba ikawa kama ina mgonjwa. Ndipo William alipokumbuka kitu alichokishika kila siku kazini. Akavaa koti, akaenda ofisi ya maji, akarudi na kikopo cha gundi ya mabomba ya plastiki aliyoiomba kwa fundi mwenzake. Alijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu. Gundi ile haikubandika tu, iliyeyusha plastiki kidogo na kuviungamanisha vipande viwili vikawa kitu kimoja. Akavivuta kwa nguvu zote. Havikuachana.

"Imeshika!" alipiga kelele. "Jamani, imeshika!"

Jikoni mtu alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akakohoa kwa aibu.

Lakini gundi ile ilikuwa na harufu kali ya kupanda kichwani. Ange hakutaka mtoto aivute, akamfunga mgongoni, akachukua mwavuli na kwenda kushinda kwa mke wa Melkiadi. William alifungua madirisha yote. Ilikuwa siku ya kuunganisha bodi, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, ambazo zingefunika injini, nyaya na chesisi yote. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Baada ya hapo lingekuwa gari.

Alipaka gundi ukingoni haraka haraka kabla haijakauka, akazikutanisha nusu mbili. Mbele zikakutana vizuri. Nyuma zikaachama. Nusu moja ilikuwa imepinda kidogo, labda kwa joto la bati kule Kibondo. Akabana nyuma, mbele ikafunguka. Akabana mbele kwa kiwiko, tumbo likafunguka. Gundi ilikuwa tayari inaanza kukauka, na ikikauka hivyo bodi lingeachama milele.

"Ange!" aliita, kisha akakumbuka Ange hayupo. Akatazama huku na huku. "Mtu yeyote! Tafadhali, mtu yeyote!"

Pazia la jikoni likafunguka. Theodosia aliingia kitenge amekivuta hadi usoni, akitazama sakafu. Alisimama upande wa pili wa meza.

"Nishike wapi?"

"Nyuma, Mama. Pande zote mbili. Bana sana."

Akashika. Viganja vyake vilikuwa vipana, vya mtu aliyeinua magunia. Nusu mbili zikakutana kwa mlio mdogo, tak, na William akabana mbele. Mstari ukafunga kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Niachie?"

"Hapana! Usiachie. Mpaka ikauke."

Wakabaki wamesimama, meza katikati, mikono minne juu ya gari. Kitenge kikateleza kutoka usoni kwa Theodosia na hakuwa na mkono wa kukirudisha. William akatazama dirisha. Theodosia akatazama ukuta. Mvua iligonga bati. Muda ukapita, gundi haikuwa na haraka na mtu.

"Nyumbani kwetu," William alisema mwishowe, macho yake bado dirishani, "wangeniona hivi, wangenichinjisha mbuzi wa faini."

"Na mimi mama yangu angefufuka," Theodosia alijibu. "Lakini si tumesimama? Kilichokatazwa ni kukaa. Hatujakaa."

William akacheka, na gari likatikisika.

"Usicheke! Litaachama!"

"Samahani, Mama."

Kisha Theodosia akasema, kama anayezungumza na ukuta, "Mimi nilitaka kuwa dereva."

"Wa lori?"

"Wa lori. Unafikiri mbele pale nilikuwa nakaa natazama nini? Nilikuwa natazama miguu ya dereva. Klachi, gia, breki. Siku moja, tukitoka Kagerankanda, dereva alikuwa mzee mmoja mpole, nikamwambia nipe usukani kidogo. Kiangazi, barabara nyeupe, hakuna mtu. Akanipa. Ewe Mana yanje, Mungu wangu! Gari zito lile, likanitii. Nikaimba. Nikasahau barabara inakata kona."

"Ikawaje?"

"Likaingia kwenye shamba la mtama. Tukakata mtama wa watu kama tunavuna. Lilipozimika, mzee yule akaniuliza, mama, umemaliza?"

William aliuma midomo. Machozi yalimtoka kwa kuzuia kicheko. Alipomtazama mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu harusi, alikuta naye ameuma kitenge, mabega yanaruka, mikono imekaza bodi vile vile. Hapo ndipo alipoona Ange alikopata uso wake.

Gundi ilipokauka waliachia polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Bodi halikuachama. Theodosia akapitisha ukucha juu ya mstari, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Ego, naam," alisema. "Sasa tumeunga."

Ange aliporudi aliwakuta wote wawili mezani. Kifuniko cha boksi walikuwa wamekisimamisha katikati kama ukuta, ili heshima isivunjike, na vipande vilikuwa vinapita juu yake. "Ngazi hiyo." "Hii hapa." "Msasa." "Pokea." Ange alisimama mlangoni na mwavuli unaotiririka maji. Hakuwahi kuona kitu kama kile, na alitaka wasimwone kwanza.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama moto wa nyikani. Mnara wa kuchimba ukainuka na kulala. Taa zikakaa mbele. Kifuniko cha boksi kilianguka siku moja na hakuna aliyekiinua. Hawakuwa na rangi, basi Ange akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, wakapaka rimu za magurudumu. Theodosia alisema gari halitoki gereji bila jina. Malori yote anayoyajua yana maneno usoni. Akachukua kijiti cha kiberiti, akachovya kwenye rangi, akaandika juu ya kebini, ulimi nje kwa umakini: NDAJE.

"Maana yake nini?" William aliuliza.

"Nakuja," alisema Ange.

"Wanaokusubiri wajue," alisema Theodosia.

Jumapili mvua ilipumzika. Watu waliotoka kanisani walikuwa wamesikia habari, maana mke wa Melkiadi si mtu wa kunyamaza na kitu. Uwanja ukajaa. William alitoa gari nje akiwa amelikumbatia, Theodosia nyuma yake ameshika antena isikwame mlangoni. Watu wakasogea karibu. Halafu wote wakazungumza kwa pamoja.

"Ni la Wajerumani?"

"Ni la mwezini hilo."

"Hao watu wa ndani wanapumua?"

Betri mpya zilikuwa zimewekwa. William alimtazama mama mkwe wake. "Mama, washa."

"Mimi?"

"Dereva ni nani?"

Theodosia alifuta vidole kwenye kitenge, akapiga magoti kwenye matope na nguo zake za kanisani, akabonyeza swichi. Mota ikalia. Magurudumu manane yakazunguka kwa pamoja, na gari likaondoka kwa kasi likirudi nyuma.

"Rivasi! Rivasi!" Melkiadi alipiga kelele. "Pisheni, halina kioo cha pembeni!"

Kuku wakatawanyika. Gari lilipita katikati ya miguu ya watu wanaoruka, likielekea mtaroni, na Theodosia akalirukia, akalinyakua dakika ile ile magurudumu ya nyuma yalipokuwa yanaelea juu ya maji. Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. William alicheka kuliko wote. Alikuwa amefunga nyaya za mota kinyume. Akazibadilisha pale pale akiwa amechuchumaa, na safari hii gari likaenda mbele, polepole, kwa uhakika, kama lori lililobeba mzigo halali.

Pembeni ya uwanja kulikuwa na lundo la udongo mwekundu. "Lipandishe," watu walisema. William alisita. Theodosia hakusita. Akaliweka chini ya lundo. Gari likashika mlima, likafika katikati, likaanza kuteleza. Magurudumu yalizunguka bure yakirusha matope.

"Limekwama!"

"Halijakwama," Theodosia alisema. "Halijavaa minyororo." Alizima swichi, akaomba kamba ya katani, na yeye na William wakaanza kuzungushia kamba kila tairi, vichwa vyao vikikaribia kugongana, vidole vimejaa matope. Jirani mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba yule ni mkwe wa Theodosia. Mwenzake akamjibu kwamba anajua, anyamaze, amwache aone gari.

Swichi ikabonyezwa. Kamba ziliuma udongo. Gari lilipanda kwa kutetemeka, likasimama kidogo, likapanda tena, likafika kileleni na kusimama pale, NDAJE ikiwatazama watu wote. Kelele zilizopigwa zilisikika hadi sokoni. Theodosia alirusha mikono juu, akamgeukia William, na bila kufikiri wakapigana viganja, pa, kama wachezaji wa mpira. Kisha wote wawili wakatazama viganja vyao. Hakuna radi iliyopiga.

Wiki iliyofuata Melkiadi alileta habari kwamba darajani watu wanavushwa. Malori makubwa bado, lakini abiria hushuka, wanavuka kwa miguu juu ya mbao, na gari jingine linawapokea ng'ambo. Safari ikapangwa.

"Gari libaki kwako, Mama," William alisema asubuhi ya safari, begi mkononi.

"Litabakije? Ulipewa wewe. Ulikataa jokofu."

"Nusu yake ni yako."

"Basi tulipasue?" Theodosia alikunja uso. Alijaribu kulirudisha kwenye boksi, lakini vilivyoingia vikiwa vipande havikuweza kuingia vikiwa gari. Mnara ulizuia, antena ikapinda. Ange alikuwa na mtoto, William alikuwa na mizigo. Theodosia alisimama kitambo akitazama. Kisha akaingia chumbani, akatoka amebadilisha kitenge na amevaa viatu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kibondo. Nani atalishika njiani? Mashimo yale mnayajua?"

"Na maharage?"

"Maharage hayana antena."

Alikaa mbele ya lori la Melkiadi, gari mapajani, Ange na mtoto katikati. William alipanda nyuma juu ya magunia. Njia nzima alimsikia mama mkwe wake kupitia kidirisha akimwelekeza Melkiadi shimo la kukwepa, na kila lori lilipoyumba akisema pole, lakini hakuwa anamwambia mtu.

Malagarasi ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo na majani. Mbao zilikuwa zimelazwa mahali barabara ilipomegwa, na watu walivuka mmoja mmoja. Theodosia alitengeneza ngata kwa kanga, akaiweka kichwani, akalipandisha gari juu yake. William alitangulia akipima mbao kwa mguu. Ange alifuata na mtoto mgongoni. Nyuma yao, juu ya maji yale, magurudumu manane yenye rimu nyekundu yalikuja yakielea hewani, na mama chini yake akitembea mgongo umenyooka, mkono mmoja tu ukiligusa kwa heshima.

Watu wa ng'ambo waliacha vyungu vyao wakasimama. Utingo mmoja akavua kofia.

"Mama! Unabeba nini hicho?"

"Gari," Theodosia alisema, akifika nchi kavu bila hata kuhema. "Lina mota, lina spea, linapanda mlima. Tumeliunga wenyewe." Akawatazama jinsi walivyokuwa wanasogea, akacheka, akainua sauti. "William! Njoo uwaonyeshe ekseli, baba. Mimi nitawaonyesha mnara."

William akaweka mizigo chini, akaja.